Kwa nini mwalimu hataki wino mwekundu kwenye daftari?

Mtoto karudi na daftari limeandikwa: "Usitumie wino mwekundu!" Usimkasirikie mwalimu. Rangi hiyo ni yake ya kusahihishia. Mwanafunzi naye akiitumia, vema na kosa havionekani tena.

Darasa la kwanza wanaanza na penseli kwa sababu inafutika. Wazee waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani hamna risasi: ni grafaiti na udongo wa mfinyanzi. Shida huwa ni ufutio. Ukikosekana, mtoto analowesha kidole mate, anasugua, karatasi inatoboka. Basi mnunulie.

Kwa wakubwa mambo hubadilika. Mtihani wa kidato cha nne wa NECTA unataka wino wa bluu au mweusi, penseli ni ya michoro tu. Aliyezoea kufanya hesabu zote kwa penseli ili afute, hapo ndipo anapata tabu. Azoee mapema: akikosea, apige mstari mmoja juu ya kosa, aendelee.

Na ile pambizo ya kupigwa kwa rula? Ni nafasi ya mwalimu kuandika alama, isijazwe. Kava la gazeti nalo si urembo. Daftari la Januari lisilovikwa, likifika Juni halina jalada.