Anisi ya Jikoni na Anisi ya Chupani

Anisi ni kiungo kitokacho kwenye mmea mdogo wa jamii moja na karoti, giligilani, bizari nyembamba na shamari. Asili yake ni nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania. Kinachoitwa mbegu ni tunda dogo lililokauka, rangi yake kati ya kijani na kijivu, lenye mistari na mara nyingi kikonyo chembamba kama uzi. Likitafunwa lina utamu wa asili na harufu iliyo karibu sana na ya shamari, hata wapishi wengi hushindwa kuzitofautisha.

Harufu hiyo imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka upesi kwa joto, nayo ni asilimia chache tu ya uzito wa punje. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, anetholi. Kilichobaki kwenye punje ni pamoja na nyuzinyuzi, protini na mafuta mazito.

Mtengenezaji wa anisette, kileo kitamu cha Wafaransa, hana haja na hayo mengine. Anachokitaka ni anetholi, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji lakini huyeyuka katika spiriti. Punje hulowekwa kwenye spiriti, kisha hukenekwa: mchanganyiko huchemshwa, mvuke ukapoozwa na kurudi kuwa kimiminika chenye harufu, makapi yakabaki. Ndipo sukari huongezwa, tena si haba. Sheria za Umoja wa Ulaya hudai vileo vya aina hii viwe na alkoholi isiyopungua asilimia 15 na, kwa kawaida, gramu 100 za sukari au zaidi kwa lita. Kampuni ya Marie Brizard, iliyoanzishwa Bordeaux mwaka 1755, ilijipatia jina kwa kinywaji hiki.

Vileo vingine vya ladha hiyo, kama pastis ya Ufaransa, hutumia pia anisi ya nyota, tunda la mti wa China usio na undugu wowote na anisi. Anetholi ni ileile. Pastis ikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa: spiriti imezimuliwa, haiwezi tena kuyashika mafuta, nayo hutengana kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga.

Jikoni punje za anisi na anisette hazibadilishani nafasi. Punje kwenye mkate hutoa ladha polepole, kila inapong'atwa; anisette huieneza kote kwa mara moja, pamoja na sukari na pombe yake. Na si kweli kwamba moto huimaliza pombe yote: chakula kikitokota dakika 15 baada ya kutiwa kileo, karibu asilimia 40 ya alkoholi huwa bado imo. Asiyetumia pombe atie punje zilizopondwa, au shamari, ambayo nayo ina anetholi na hupatikana kwa urahisi zaidi kwa wauza viungo wa Mombasa na Unguja.