Akivua Gwanda na Kushika Daftari

Nchini Marekani si ajabu kumkuta askari mstaafu wa miaka 35 au 40 ameketi darasani chuo kikuu pamoja na vijana wa miaka 19. Baadhi yao husoma Kirusi, wakitumaini kuajiriwa serikalini kama maofisa wa ubalozi, wakalimani au watumishi wa uhamiaji. Wapo mabinti wa Afrika Mashariki walioolewa huko, na wapo vijana wetu waliojiunga na jeshi hilo. Kwa hiyo tumeona tulizungumze jambo hili na akina mama wenzetu, kwa maana mume akirudi shule, nyumba nzima imerudi shule.

Ugumu wa lugha

Kirusi kina herufi 33. Sisi hubadili mwanzo wa neno: mtoto, watoto. Warusi hubadili mwisho. Kitabu ni "kniga", lakini ukisema unakisoma huwa "knigu". Wizara ya mambo ya nje ya Marekani hukadiria kwamba ofisa wake anahitaji majuma 44 ya kusoma Kirusi kutwa. Kiswahili huhitaji majuma 36. Hayo ni makadirio ya mtu asiye na kazi nyingine. Baba mwenye watoto wadogo huchukua miaka.

Mama, huhitaji kujua Kirusi ili umsaidie. Bandika vikaratasi jikoni: "hleb" kwenye mkate, "moloko" kwenye maziwa. Mpangieni saa moja ya utulivu kila jioni, na watoto waijue. Wakimcheka anapokosea, msikasirike. Mtu aliyezoea amri za kambini hupata faida akijifunza kukosea mbele ya wanawe.

Miezi 36 ni ya nani?

Tangu mwaka 1944 Marekani imekuwa na sheria ya kuwasomesha askari waliomaliza utumishi. Mpango ulioanza mwaka 2009 hutoa hadi miezi 36 ya karo, posho ya nyumba na fedha za vitabu. Hiyo ni kama miaka minne ya masomo.

Askari anaweza kumgawia mke au watoto miezi hiyo. Lakini ni lazima aombe akiwa bado jeshini, akiwa ametumikia angalau miaka sita, na kwa kawaida akubali kuongeza minne. Akishaondoka jeshini, hawezi kuongeza jina jipya. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaweza kuingia katika ugomvi. Kila mwezi anaoutumia baba umepungua kwa binti yake. Na mama aliyemfuata mumewe kambi hadi kambi, akiacha kazi zake njiani, naye ana haki ya kuuliza: zamu yangu ni lini?

Swali hilo si la choyo. Liulizeni mapema, kabla gwanda halijavuliwa.

Jueni pia kwamba posho ya nyumba hailipwi wakati wa likizo kati ya mihula, lakini mwenye nyumba atataka kodi yake vilevile. Wekeni akiba ya miezi hiyo tangu mwanzo.

Madeni na ukweli

Kazi nyingi za serikali zinazohitaji Kirusi hutanguliwa na uchunguzi wa maisha ya mwombaji. Huulizwa kuhusu mke wake, ndugu walio nchi za nje, na madeni yasiyolipwa. Kuwa na mama mkwe Moshi au Kisumu si kosa. Kumficha ndilo kosa. Deni dogo lililosahauliwa linaweza kumchelewesha mtu aliyesoma kwa miaka minne. Kwa hiyo tunzeni risiti na barua zote mahali pamoja, na mwambiane ukweli kuhusu kila mkopo.

Umri usiwatishe. Serikali ya Marekani huwapa askari wastaafu kipaumbele fulani katika ajira, na nidhamu waliyoipata jeshini huwasaidia kukaa na kitabu kigumu.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ketini wawili mezani, watoto wakiisha kulala. Andikeni 36 juu ya karatasi, kisha mgawane: ya baba ni mingapi, ya mama mingapi, ya watoto mingapi. Karatasi hiyo ihifadhiwe na mama.