Goma: Mtoto anayetapika baada ya uji, si lazima awe amelishwa sumu

Mtoto wa miezi saba amepewa uji asubuhi. Masaa mawili baadaye anaanza kutapika, mara tano, mara kumi, mpaka hakuna kitu tena tumboni. Midomo inapauka, mwili unalegea. Hana homa, hana vipele. Katika mitaa mingi ya Goma, swali linalokuja haraka ni moja: nani alimlisha?

Neno karuho linajulikana na kila mkaaji wa Kivu, na mtoto aliyeanguka baada ya kula kwa jirani analileta mdomoni upesi. Familia inatafuta mtu wa dawa za kutapisha sumu, jirani anaonyeshwa kidole, na ugomvi unaoanzia hapo unaweza kwenda mbali sana.

Kuna ugonjwa unaofuata saa zile zile. Madaktari wa watoto wanauita FPIES kwa kifupi, yaani mzio (wengi hapa wanasema alerji) wa protini za chakula unaoshambulia matumbo. Kutapika kunaanza kati ya saa 1 na 4 baada ya kula, na kuhara kunaweza kufuata masaa kadhaa baadaye. Kwa kuwa ngozi haiwashi, midomo haivimbi na pumzi haibani, ni wachache wanaofikiria alerji. Watoto wengine wanapoteza maji mpaka shinikizo la damu linashuka. Hao wanahitaji serumu hospitalini bila kuchelewa, na dawa ya kutapisha inazidisha hatari yao.

Vyakula vinavyojulikana zaidi kuleta shida hiyo ni maziwa ya ng'ombe, soya, mchele na shayiri. Mayai na samaki pia vimo. Huko Italia na Uhispania samaki ni kati ya vya kwanza. Kwa mzazi wa Goma, orodha hiyo inagusa karibu kila sahani ya mtoto anayeanza kula: wali uliopondwa, unga wa sambaza katika uji, na sosoma yenyewe, ambayo ni mtama, mahindi na soya. Mtoto anaweza kula kitu mara mbili tatu bila shida, halafu mara ya nne kikamwangusha. Ndiyo maana mama anaapa kwamba "chakula ni kile kile" na kugeukia wazo la sumu.

Sura nyingine ya mzio huu haitishi hivyo, lakini inadanganya zaidi. Mtoto wa miezi miwili anayenyonya vizuri, mnene, anayecheka, anatoa choo chenye nyuzi za damu na makamasi. Mji huu hauwezi kuona damu kwenye choo cha mtoto bila kufikiria kuhara damu. Mwaka 1994, baada ya kipindupindu kilichoua maelfu kwa maelfu katika kambi za wakimbizi, kuhara damu kulifuata. Kwa hiyo mtoto anapewa antibiotiki, damu inarudi, anapewa tena. Mbaya zaidi, mama anaambiwa maziwa yake yameharibika na aachishe mtoto.

Maziwa ya mama hayana kosa. Protini za maziwa ya ng'ombe aliyokunywa zinapita kidogo katika titi, na utumbo wa mtoto unazikataa. Kwa ushauri wa daktari, mama anaendelea kunyonyesha lakini anaacha maziwa, jibini ya Masisi, na mikate au biskuti zenye maziwa ya unga. Mara nyingi damu inapungua katika siku chache hadi wiki mbili. Halafu anajaribu tena kunywa maziwa: damu ikirudi, jibu limepatikana. Bila jaribio hilo la pili, mama anaweza kujinyima chakula bure kwa miezi, jambo ambalo si dogo kwa mwanamke ambaye sahani yake tayari ni nyembamba. Wengi wa watoto hawa wanapona kabla ya kufikisha mwaka mmoja.

Sura ya tatu ni ya polepole: kuhara kusikoisha na uzito usiopanda, kama utapiamlo wa kawaida. Hapa pana mtego. Maziwa ya tiba F-75 na F-100 yanatokana na maziwa ya ng'ombe, na Plumpy'Nut ina karanga na maziwa ya unga. Bidhaa hizo zinaokoa watoto wengi na hakuna mzazi anayepaswa kuzikataa. Lakini mtoto ambaye kuhara kwake kunazidi kila anapozipata anastahili kuangaliwa upya na daktari.

Tusikuze mambo. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2015, ulithibitisha mzio wa maziwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya 200. Mjini Goma, ambako familia nyingi zinachota maji ziwani, kipindupindu, vijidudu vingine vya kuhara na malaria vinabaki washukiwa wa kwanza. Homa, au wengine nyumbani kuhara pia, inaelekeza huko.

Vipimo vya damu na ngozi mara nyingi havionyeshi chochote katika mzio huu wa matumbo. Kinachosaidia ni historia: alikula nini, saa ngapi, alitapika saa ngapi, na imetokea mara ngapi. Daftari la mtoto wa shule linatosha.

Nyumbani watu wanajaribu njia za mkato. Maziwa ya mbuzi yana protini zinazofanana sana na za ng'ombe, na watoto wengi wanaokataa moja wanakataa na nyingine. Kuyachemsha hakutatui tatizo. Soya nayo inaangusha baadhi yao. Maziwa maalum ya kopo ni ghali hata Ulaya. Kwa mji ambao uwanja wake wa ndege na benki vilifungwa mwanzoni mwa 2025, titi la mama ndilo dawa iliyo karibu.

Kwa FPIES ya maziwa, watoto wengi wanaizoea kati ya miaka 3 na 5. Kurudisha chakula hicho kunafanyika hospitalini, serumu ikiwa tayari, si jikoni kwa bibi. Mpaka siku hiyo, jina la chakula liandikwe kwenye karatasi ya chanjo ya mtoto, mahali ambapo muuguzi wa zamu ya usiku ataliona.