Dalili za Upepo Kakamega

Mji wa Kakamega, ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupatwa na ngurumo aghalabu alasiri, upepo wenye unyevu wa Ziwa Viktoria unapokutana na ule utokao mashariki ukapanda juu. Na mara nyingine, kabla mvua haijakatika, mapaa yamekwisha ng'oka na migomba imelala.

Atakaye kuikadiria hasara kwa insafu hana budi aanze na miti, maana mti ulioanguka hushuhudia upepo ulikotoka. Ted Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alibainisha katika miaka ya 1970 kwamba hewa baridi iporomokapo kutoka winguni huipiga ardhi ikatawanyika, hata miti ikalala kama miale itokayo mahali pamoja. Ilhali upepo wa kuzunguka huiacha imeelekeana na kupishana.

Kisha ayatazame mabati. Bati lililochanika penye misumari, vichwa vyake vikabaki mbaoni, ni habari moja. Paa zima lililoruka pamoja na kenchi zake ni habari nyingine, na kwa rai yangu hii ya pili mara nyingi humshitaki fundi kuliko upepo, kwani kenchi hazikufungwa barabara ukutani. Wala kasi yenyewe si jambo la kudharauliwa: ikizidi maradufu, msukumo huwa mara nne. Ama mkaratusi uliokwisha oza shinani (na nani asiyeujua mmoja?), huo hauthibitishi lolote, kwani hata upepo mwanana ungeuangusha.