Mbwa Husema kwa Mwili Wake, na Watoto Wetu Hawamsikii



Mtoto atokaye Kirumba kuja chuoni kwetu baada ya alasiri hupita kando ya soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wa visiwani hushushwa. Penye samaki hapakosi mbwa. Wengine wana wenyewe, wengine hawana; hulala chini ya mitumbwi na katika mianya ya majabali haya yaliyoujaza mji wetu wa Mwanza. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto jambo moja tu juu ya mnyama huyu, kwamba ni najisi, wasimguse. Hayo ni sawa katika madhehebu yetu ya Shafi. Lakini hatukuwaambia wafanye nini akiwakaribia yeye, na hapo ndipo tulipokosea.

Mwanafunzi wetu mmoja wa miaka tisa alimkuta mbwa jike mwenye watoto chini ya jabali. Kwa kuchelea kanzu yake isinajisike, akatimua mbio. Mbwa akamfuata, akamwuma shavu la mguu. Alitujia akilia, juzuu kifuani. Tulipomwuliza mwenzake aliyekuwa naye, akatujibu: "Maalim, hakubweka. Alikuwa akipiga miayo na kujiramba midomo, tukadhani ana usingizi na njaa."

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Kumbe mbwa alikwisha sema, ila hapakuwa na aliyeifahamu lugha yake.

Miayo ya mbwa si ya usingizi siku zote. Akiwa na dhiki hupiga miayo, hujiramba midomo wala hapana chakula, hugeuza uso upande huku jicho likimtazama mtu kwa pembe hata weupe wake ukaonekana. Hulaza masikio nyuma, hufyata mkia, hukunja mguu mmoja wa mbele, au huhema kwa nguvu na jua halipo. Maana yake ni moja: "Nimebanwa, nipishe." Asipopishwa hukauka mwili kama gogo, manyoya ya mgongo husimama, hunguruma, huonyesha meno. Atakayefika hapo asingoje ishara nyingine.

Mkia ndio uwadanganyao wengi. Watu hudhani mbwa atikisaye mkia amefurahi. Mkia uliolegea, ukienda pamoja na kiuno chote, huenda ikawa ni furaha. Bali ulioinuka juu, mgumu, ukitikisika upesi upesi kwenye ncha, huyo si wa kumwendea. Bwana Charles Darwin wa Uingereza aliyaandika mengi ya namna hii mwaka 1872, akieleza jinsi mwili wa mbwa mwenye hasira ulivyo kinyume kabisa na wa mbwa mnyenyekevu. Mchungaji wa Kisukuma asiyejua kusoma angeliweza kumweleza hayo bila ya kitabu.

Basi afanyeje mtoto? Asikimbie, kwani akimbiaye hufukuzwa. Asirushe jiwe, nasi twakiri kuwa baadhi yetu ndio tuliowafundisha mawe. Asimame kama mti, mikono ubavuni, atazame chini wala si machoni pa mbwa, kisha arudi nyuma polepole. Akiangushwa, ajikunje na kuficha shingo na masikio kwa mikono. Mbwa alaye, alalaye au anyonyeshaye asimsogelee kamwe. Na kuhusu kanzu, mbwa mkavu akipita akagusa nguo kavu, najisi haihami. Laiti tungalimwambia hayo mtoto yule mapema, asingalikuwa na sababu ya kukimbia.

Akiisha umwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa nzima, kisha aende hospitali siku ile ile. Nguo yaweza kungoja. Wala udongo usitiwe jerahani kwa ajili ya tohara; darura ina hukumu zake, na shekhe ataulizwa baadaye. Haraka hiyo ni kwa sababu ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikitokea kwa mtu karibu hapana aponaye, hali sindano zikiwahi humkinga. Nazo siku hizi huchomwa mkononi, si tumboni kama bibi zetu wanavyohadithia. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika kila watu 100 waumwao na mbwa washukiwao kuwa na kichaa, 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Ndugu zetu wa Pemba, kisiwa cha Waislamu, hawakuona haya kupeleka mbwa kuchanjwa. Kichaa kikatoweka huko mwaka 2014; chanjo ilipolegea kikarejea 2016, wakachanja tena hata kikaondoka. Mwenye mbwa wa kulinda boma huku kwetu asikawie.

Mwanafunzi wetu alipona. Mwezi uliopita tulikuwa tumeketi barazani tukamwona aja. Mbwa mweusi akatoka chini ya mtumbwi, mkia juu. Mtoto akasimama, macho chini, juzuu kifuani. Mbwa akanusa hewa, akapiga miayo, akageuka kwenda kwenye vichwa vyake vya samaki. Mtoto akaingia darasani amechelewa, nasi hatukumwuliza sababu.