Je, Wajua Jinsi Bei Zinavyopangwa Madukani mwa Skyrim?

Miongoni mwa mambo yanayowapotezea saa nyingi watu wazima wenye akili zao timamu katika zama hizi ni kusimama mbele ya mwenye duka asiyekuwapo duniani, katika mji usiomo katika ramani yoyote, na kumhesabia faida na hasara juu ya upanga ambao nao si chuma wala si mti, bali ni tarakimu zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta. Mmoja wa wenye maduka hao, na mashuhuri sana, ni Belethor, ambaye duka lake limo katika mji wa Whiterun, ndani ya mchezo wa Skyrim uliotolewa tarehe 11 Novemba 2011 na kampuni ya Bethesda ya jimbo la Maryland, Marekani. Mchezaji hujivika sura ya shujaa, akaingia mapangoni, akapigana na majambazi, mizuka na majoka, kisha akarudi mjini na mzigo wa ngao, dawa na mikufu aliyowavua wafu. Na hapo, akiisha kuurudisha upanga alani, hugeuka kuwa mfanyabiashara.

Kila kitu katika nchi ile kina thamani yake ya asili, iliyoandikwa na waundaji wa mchezo na isiyobadilika: jambia la chuma ni sarafu 10, upanga wa pua ni 45, na upanga mweusi wa Daedric ni 1,250. Lakini thamani si bei. Bei hupatikana baada ya thamani hiyo kupitishwa katika ustadi wa mchezaji wa kusema, ambao aghalabu huanzia daraja ya 15 na kukoma daraja ya 100. Hesabu yenyewe ni nyepesi: daraja ya mtu hugawanywa kwa 100, jawabu likazidishwa kwa 1.3, na lile lipatikanalo likatolewa katika 3.3. Kinachobaki ndicho kipimo cha biashara yote; ukinunua, thamani huzidishwa kwa kipimo hicho, na ukiuza, hugawanywa kwacho hichohicho. Basi mwenye daraja ya 15, ambaye kipimo chake ni 3.105, huutoa ule upanga wa Daedric dukani kwa sarafu 3,881, na akitaka kuuuza hupewa 402. Ilhali mwenye daraja ya 100, ambaye kipimo chake kimeshuka hadi 2, huununua kwa 2,500 na kuuuza kwa 625.

Atakayezitazama tarakimu hizo kwa makini ataona kwamba adhabu ni maradufu, kwa kuwa kipimo hufanya kazi mara mbili, mara katika kwenda na mara katika kurudi. Mchezaji mchanga anunuaye kitu asubuhi na kumrudishia mwenye duka yuleyule jioni hupata kama sehemu moja ya kumi ya fedha zake, na hata bingwa wa usemi, asiyekuwa na msaada mwingine, hupata robo tu. Misaada, kwa hakika, ipo. Kuna kipawa cha kujadili bei, chenye vidato vitano, ambacho huanza kwa kumnufaisha mtu kwa asilimia 10 na kuishia 30. Kuna kipawa cha haiba, kiongezacho asilimia 10 pale ambapo mwanamume anafanya biashara na mwanamke, au mwanamke na mwanamume. Na mwenye kuzuru madhabahu ya Zenithar, mungu wa kazi na biashara katika dini za nchi ile, hupata baraka ya asilimia 10 nyingine, ingawa ni ya muda. Juu ya hayo yote waundaji wameweka mpaka, ili bei ya kununua isishuke chini ya thamani wala bei ya kuuza isiipite. Maana lau mpaka huo usingekuwapo, mtu angenunua na kuuza kitu kimoja mahali pamoja mpaka akaimaliza mali ya ulimwengu wote.

Linaloshangaza ni kwamba katika mambo hayo yote hapana maneno. Mchezaji haitaji bei, mwenye duka hakatai, wala hapana mmoja anayejifanya kwenda zake ili aitwe arudi. Majadiliano yamekwisha kabla mlango haujafunguliwa, kwa kuwa yamo ndani ya daraja ya mtu na vipawa vyake, na kilichobaki dukani ni kutia muhuri. Mimi naona kwamba hapa ndipo mchezo ulipopoteza kitu, kwani katika Morrowind, mchezo wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 2002, mchezaji aliweza kutaja bei aitakayo, na mwenye duka akaikubali au akaikataa kwa kadiri ya ustadi wa wote wawili na mapenzi yaliyokuwapo baina yao. Na kila akikataa, moyo wake ulizidi kuwa mgumu.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba katika Skyrim wingi wa bidhaa hauibadilishi bei hata kidogo. Mtu akifua majambia elfu moja ya chuma na kumletea mwenye duka mmoja, jambia la elfu hununuliwa sawasawa na la kwanza, kana kwamba mji mzima una njaa ya majambia isiyoshibika. Kinachoadimika si bidhaa bali ni fedha za mnunuzi. Mwenye duka la bidhaa mchanganyiko huwa na sarafu 750, mhunzi 1,000, na muuza dawa 500, na zikiisha, zimekwisha. Hapo ndipo yule bingwa wetu wa daraja ya 100, aliyehangaika kupata vidato vyake vyote vitano vya kujadili, anapofikwa na kichekesho: upanga wake wa Daedric sasa una haki ya sarafu 812, lakini Belethor anazo 750 tu, na mchezo humuuliza kwa adabu kama yu radhi kuuza hivyohivyo. Ustadi wake umepita uwezo wa soko.

Mfuko huo wa mwenye duka hujazwa upya kila baada ya saa 48 za mchezo. Kwa kuwa dakika moja ya saa zetu ni dakika 20 za kule, mtu angengoja kwa saa mbili na dakika 24, lakini waundaji wamempa ruhusa ya kuupitisha wakati, kutwa na usiku wake, kwa kubonyeza tu. Basi wachezaji husimama mbele ya meza ya duka kama waliopigwa na bumbuwazi, wakaziacha siku mbili zipite, kisha wakaendelea kuuza. Na mfuko haurudi kwa faida wala hasara: aliyenunua kwa mwenye duka mali ya sarafu elfu kadhaa atamkuta, baada ya muda huo, na zilezile 750. Fedha zako zimetoweka, na si yeye aliyezila. Belethor hajapata kufaidika hata siku moja tangu duka lake lilipofunguliwa, na kazi yake hasa, ukiiondoa hiyo sauti yake ya uchangamfu, ni kuwa mfereji unaomwaga sarafu nchini kwa kiasi na shimo linalozifukia tena, ili mchezaji asitajirike haraka mno akachoka na mchezo.

Mali ya wizi nayo ina sheria yake. Kitu kilichoibwa huwekewa alama, na alama hiyo huonwa na kila mfanyabiashara, hata kama wizi ulifanyika usiku wa manane katika mji wa Solitude na duka liko Riften, upande wa pili wa nchi, na hata kama hapana jicho lililoshuhudia. Mwenye duka mwaminifu huikataa. Mwizi hulazimika kumtafuta mnunuzi wa mali ya wizi, kama Tonilia, anayekaa katika kilabu cha pombe cha wezi chini ya mji huo wa Riften. Au, akiwa ameupandisha ustadi wake wa kusema na kutia sarafu 500 katika duka la mtu ziwe mtaji, aweza kupata kipawa ambacho humfanya mwenye duka huyo afumbe macho. Sijui kama waundaji walikusudia tashtiti hiyo, lakini imekaa vizuri.

Na bidhaa zenyewe ziko wapi? Zile zilizopangwa rafuni ni pambo. Mali halisi ya kila mfanyabiashara, pamoja na sarafu zake, imo katika kasha lililofichwa chini ya ardhi au nyuma ya ukuta, mahali ambapo mchezaji hakutarajiwa kufika. Karibu na mgodi wa mji wa Dawnstar kasha mojawapo liliwekwa juu mno, na wachezaji walipopapasa ardhi wakaligundua: ni hazina ya Ahkari, kiongozi wa msafara mmoja wa Khajiit, kabila la watu wenye sura za paka ambao hawaruhusiwi kuingia mijini na hupiga mahema yao nje ya malango. Anayelifungua huchukua chochote akitakacho, na kwa kuwa hapana aliyefikiri kwamba lingefunguliwa, kitendo hicho hakihesabiwi kuwa ni wizi.

Biashara ya mali kwa mali, iliyo kongwe kuliko sarafu, ilistawi zaidi katika Morrowind. Huko walikuwako wafanyabiashara wawili wa ajabu: shetani mdogo aitwaye Creeper, aliyekaa katika nyumba moja ya mji wa Caldera akiwa na sarafu 5,000, na kaa wa matopeni mwenye kusema, aliyekuwa na 10,000. Wote wawili walinunua kwa thamani kamili, bila kujali ufasaha wa mtu. Lakini mchezo ule ulikuwa na silaha zenye thamani kubwa kuliko mifuko yao, na mchezaji mwenye upanga wa sarafu 20,000 alimwendea Creeper akampa upanga huo, akatwaa kwake vitu vya thamani ya 15,000 ambavyo alikuwa amemuuzia siku zilizotangulia, na 5,000 zilizobaki akazipokea taslimu. Kesho yake, mfuko ukiisha kujaa, akamrudishia kitu kimoja cha 5,000, na siku ya pili kingine, hata upanga ukalipwa wote. Kwa maneno mengine, wachezaji walimgeuza yule shetani kuwa benki.

Wapo waliojaribu kutengeneza soko la kweli. Mchezo wa Ultima Online, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya watu wengi kucheza pamoja kwa njia ya intaneti, ulianza na ulimwengu wenye kiasi maalumu cha malighafi, ambacho kilitakiwa kizunguke kutoka ardhini hadi kwa mafundi, kisha kirudi ardhini. Wachezaji wakavunja mzunguko kwa kulimbikiza: walijaza nyumba zao vitu wasivyovihitaji, malighafi ikakwama humo, na ikabidi mpango uachwe.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, bei iliyotungwa kwa akili zaidi imo katika mchezo wa zamani usio na picha za fahari, NetHack, uliotolewa kwanza mwaka 1987, ambao mandhari yake yote ni herufi na alama za chapa. Humo nako sura nzuri hupunguza bei na sura mbaya huiongeza. Na mtalii ambaye bado ni mchanga katika safari hutozwa theluthi moja zaidi, jambo ambalo hapana mtu aliyewahi kutazama vinyago vikiuzwa karibu na hoteli za pwani yetu atakayelistaajabia. Lakini faida ya bei za NetHack ni kwamba humfundisha mnunuzi. Karatasi za uganga huokotwa zikiwa hazijulikani kazi yake, na kuisoma moja kwa kubahatisha kwaweza kumletea mtu balaa. Basi mchezaji mwerevu huipeleka dukani, akaiweka chini na kusikiliza. Ile ya kutambulisha vitu ina thamani ya sarafu 20, ile ya kuondoa laana 80, na ile ya kufuta jinsi nzima ya viumbe 300, kwa hiyo bei inayotajwa humfunulia siri iliyofichwa. Mwenye duka naye hakubali kusomwa kirahisi: aghalabu hutoa nusu ya thamani, mara nyingine theluthi, na baadhi ya vitu visivyotambuliwa huviongezea theluthi bila kueleza sababu. Mchezaji hulinganisha, hupunguza, hujumlisha, na akiisha kuridhika kwamba ameijua karatasi yake, husema hauzi, akaiinua na kwenda zake.