Nyimbo za Kwetu (2): Waitikiaji Washika Zeze

Usiku mmoja kwenye foleni ya malori Tunduma, redio za madereva huimba lugha nyingi: Bongo Fleva ya Dar es Salaam, Kibemba cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, rumba ya Kongo. Kinyamwanga, lugha ya wenyeji wa pande zote mbili za mpaka, ni nadra kusikika humo. Anayetaka ngoma yake atafute harusi.

Ndiyo maana swali la sehemu ya kwanza lilikuwa: nani hasa hutunza wimbo? Jibu lililo wazi zaidi linatoka Ugogoni.

Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa. Hadi anafariki huko Bagamoyo, Desemba 2003, alikuwa amezunguka dunia na zeze na ilimba yake. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Tundu lake hufunikwa utando wa buibui ili sauti ipate mvumo. (Fundi gani wa spika angewaza hilo?)

Kina mama wa Kigogo hawakuwa watazamaji tu. Muheme ni ngoma yao, yenye asili katika unyago wa wasichana, nao huibana mapajani na kuicharaza kwa viganja. Lakini zeze, ilimba na kuongoza wimbo vilibaki kwa wanaume. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, waliimba miaka mingi nyuma ya wanaume wa ukoo, wakiitikia.

Mwaka 2024 wawili hao, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha, kupitia Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel wa Uingereza. Sasa wao ndio wanaoongoza, na ala zimo mikononi mwao.

Wapo watakaosema huo ni uvunjaji wa mila. Hoja hiyo inasahau kazi ya mwitikiaji. Kiongozi huweza kupamba, kuruka ubeti, hata kutunga mwingine papo hapo, na watu wakamshangilia. Mwitikiaji hana ruhusa hiyo. Lazima arudi palepale, kwa sauti ileile, ama wimbo uanguke. Na sauti za Kigogo hupandana moja juu ya nyingine. Kila mtu ana ngazi yake. Kwa hiyo aliyeitikia maisha yake yote ndiye aliyekaa na mifupa ya wimbo. Pendo na Leah hawakuchukua cha mtu.

Wimbo kutegemea zaidi ya sauti moja si jambo la Ugogoni tu. Huko Lithuania, nchi ndogo ya Ulaya kando ya Bahari ya Baltiki, wanawake wana nyimbo ziitwazo sutartinės, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010. Sauti mbili huenda pamoja zikikaribiana mno, hadi sikio lisilozoea hudhani kuna aliyekosea. Haziimbwi na mtu mmoja. Kijiji kikibakiwa na bibi mmoja azijuaye, wimbo umekwisha, ingawa bibi mwenyewe bado anapalilia shamba lake.

Turudi kwenye harusi za huko Tunduma. Wimbo ukianza, simu zote humwelekea kiongozi, na kipaza sauti kimoja kilichopo hushikwa na yeye. Kina mama waliosimama nyuma husikika kwenye video kama kelele za mbali. Miaka thelathini ijayo, kijana wa Momba au Mbozi atakayeifungua video hiyo atapata mapambo yote ya wimbo, bila kujua yalipamba nini.

Sehemu ya tatu itaanzia hapo: kipaza sauti kiwekwe wapi.